Baba Mkwe Alikohoa Nami Nimeshika Pampu

Ninaikumbuka siku moja ya mvua kule Rungwe, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Usicheke. Harusi ilikuwa ya watu wengi, kila mtu aliondoka na kipande chake. Siku hiyo ya mvua nilikuwa peke yangu, mkono mmoja umeshika pampu ya jeki, mwingine unavuta kanga nijifunike uso.

Nakusimulia kwa sababu umekuja kuniaga. Umesema umepata kazi Makongolosi, mgodini, kunyanyua mitambo, na kwamba mtakuwa na jeki kubwa, pampu za mkono na winchi za minyororo. Umesema pia mmeshafundishwa darasani. Vizuri sana. Sina ugomvi na walimu wako. Nataka tu ukae hapo, umalize chai, unisikilize. Hapa Uyole nyumba yangu haina mtu mwingine wa kunisikiliza. Redio nayo inasema tu, haisikilizi.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Iringa, upande wa Tosamaganga. Mama alipofariki nilichukuliwa na kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa kunyanyua vitu vizito huko Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Malori ya magogo yakilala mtaroni, anaitwa mjomba. Nyumbani hakuwa na kijana wa kiume, basi akanichukua mimi. Majirani wakasema anamharibu binti wa watu. Akawajibu kwamba lori likizama halijali aliyelitoa kavaa suruali au gauni, na kama wao wanajali, waje walitoe wenyewe. Mjomba alikuwa na mdomo, nadhani ndiko nilikoutoa wangu.

Pampu yenyewe unaijua, lakini ngoja niseme kwa lugha yangu. Silinda fupi nene inakaa chini ya mzigo. Kutoka hapo kuna mpira wa mafuta unaokuja mpaka kwenye pampu, na wewe unachuchumaa pembeni na pampu yako. Unashusha mkono wa pampu, unaupandisha, mafuta yanasukuma na mzigo unapanda kidogo kidogo. Ubavuni kuna koki. Ukiilegeza, mafuta yanarudi na mzigo unashuka. Mtoto anaweza kuitumia. Hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa sababu kitu chepesi namna hiyo kinakufanya usahau kwamba juu yake kuna tani za chuma.

Siku za mwanzo nilikuwa nimekaa kwenye pampu, lori liko juu, fundi mwingine yuko chini yake. Mjomba akaja kutoka njiani. Unajua tunavyoamkiana sisi Wahehe, salamu haiishi leo. "Kamwene!" akasema. Nami binti niliyelelewa vizuri nikaacha pampu, nikapiga goti, nikampa mikono miwili. "Kamwene, mjomba. Mmeamkaje? Na huko mlikotoka hawajambo?"

Ala! Alinikaripia mpaka fundi akachungulia kutoka chini ya lori.

"Nani kakwambia uache pampu?"

"Nilikuwa nakuamkia, mjomba."

"Mimi nimelala chini ya lori? Aliyelala chini ya lori ndiye wa kumheshimu sasa hivi. Sisi wengine wote tutasubiri. Hata akija askofu, atasubiri!"

Nililia siku ile, maana nilidhani adabu ni adabu popote. Baadaye akanituliza kwa muwa, akaniambia tena polepole: jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukishanyanyua, weka gogo gumu chini ya chesisi, ile fremu ya chini ya lori, ushushe mzigo ukae juu ya gogo, ndipo mtu aingie. Na mpaka gogo likae, mkono usitoke kwenye pampu.

Mume wangu, Ambakisye, nilimpatia huko huko. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, dereva wa lori lake mwenyewe, akibeba ndizi na viazi kupeleka Iringa. Lori lilimharibikia, mjomba akaitwa, mimi nikawa kwenye pampu. Ambakisye alisimama pale mdomo wazi. Alikuwa mzuri, mwanangu, na alikuwa anacheka kwa sauti. Nikaolewa, nikahamia kilimani kwao, kwenye migomba na ukungu, kwa watu ambao lugha yao nilikuwa sijui hata neno la kuombea maji.

Sasa kuna desturi moja lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa lolote. Kwa Wanyakyusa, hasa wazee wa siku zile, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Wao wanaiita ukutila, kumwogopa kwa heshima. Humtazami, hulitaji jina lake, yeye hali chakula ukiwepo, hutakiwi hata kusema akakusikia. Ukisikia anakuja njiani, unatoka, unaingia migombani, unajifunika kanga mpaka apite. Naye kwa upande wake anakohoa akiwa mbali, ili upate nafasi ya kuondoka. Sikuliona kuwa jambo baya. Baba mkwe wangu alikuwa mtu mwangalifu, kikohozi chake nilikijua kuliko sura yake. Njia yake ya kanisani ilipita kando ya uwanja wetu. Akikohoa, mimi tayari niko migombani. Tuliishi hivyo kwa amani, mimi na mtu ambaye sikuwahi kumwona uso.

Siku hiyo ya mvua springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Lori lilikuwa uwanjani kwetu, na viazi vilikuwa vinasubiri kupakiwa, vingekaa kwenye maji vingeoza. Magogo ya kuwekea chini ya chesisi hayakuwepo. Ambakisye alikuwa amemsaidia nayo jamaa aliyekwama njia ya Iringa, akaondoka akayasahau huko.

Nikamwambia, "Tukate mengine. Mti wa mlingoti ule pale."

"Nani akakate gogo kwenye mvua hii? Dakika chache tu, natoa bolti natoka. Wewe si uko kwenye pampu?"

"Pampu hii inavuja, Ambakisye. Inarudi yenyewe."

"Basi pampu taratibu. Mke wangu ni fundi, niogope nini?"

Unasikia maneno hayo? Kunisifia ndiko alikonishindia. Nikaona nikizidi kubisha atasema mwanamke wa Kihehe mgomvi. Tukaweka mbao mbili chini ya silinda kwa sababu udongo ulikuwa tope, nikapampu, lori likapanda, akaingia chini. Miguu tu ndiyo ilibaki nje, na buti zake nyekundu za tope.

Pampu ilikuwa inarudi kweli. Unapampu, inasimama kidogo, halafu unaona chesisi inashuka polepole kuja kwake. Unapampu tena. Sikuweza kuacha hata kujikuna. Yeye alikuwa anagonga bolti kwa nyundo, mvua nayo inapiga kwenye turubai, hasikii kitu.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Mwili wangu wote ulitaka kukimbia. Ulikuwa umeshazoea, mwanangu, miguu iliinuka kabla sijaiambia. Nikairudisha chini. Nikiondoka, lori linakaa juu ya kifua cha mume wangu. Nikimwita kwa sauti ya kushinda nyundo na mvua, baba mkwe anasikia sauti yangu. Nilimwita kwa kunong'ona, upuuzi mtupu. Nikageuka nikampa mzee mgongo, nikavuta kanga kwa mkono wa kushoto ikanifunika kichwa na uso, nikaishika kwa meno. Mkono wa kulia nikaendelea kupampu.

Akakohoa tena, karibu zaidi. Mimi sikutoka. Nikasikia hatua zimesimama. Nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine, maana nilisikia kama wanaambiana jambo. Halafu hatua zikarudi zilikotoka, kwenye mvua, mpaka zikapotea.

Ambakisye alipotoka akiwa na bolti mkononi anacheka, alinikuta bado nimeishika kanga kwa meno. Nikamweleza. Kicheko kikakatika.

"Aliniona?" akauliza.

"Nitajuaje? Nilikuwa nimejifunika."

Akajifuta uso. "Nitamweleza mzee. Usijali."

Hakumweleza. Baba yake alikuwa amemkataza tangu siku aliponunua lori asilale chini ya chuma kilichoshikwa na jeki peke yake. Kumweleza kwa nini mkewe hakuondoka kulimaanisha kumweleza yeye alikuwa wapi. Kwa hiyo ikawa kesho, na kesho, na nikipata nafasi, na mzee leo hayuko vizuri. Mimi sikuweza kwenda, maana ndiye hasa mtu nisiyeruhusiwa kusema naye. Nikimwambia mama mkwe, nitakuwa namchongea mume wangu kwa mama yake. Nikanyamaza nikimsubiri yeye aseme.

Toka siku ile baba mkwe hakupita tena njia ya kwetu. Alishuka bondeni, akazunguka kule chini kwenye utelezi, akapanda upande wa pili, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Kilima kizima kiliona. Watu wakasema mzee amehama njia kwa sababu ya mke wa Ambakisye. Na aliyekuwa naye siku ile hakutoa neno, maana mambo ya mkwe hayazungumzwi hovyo.

Wanawake hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Nikifika kisimani, mazungumzo yanakuwa ya hali ya hewa. Wakienda kusaidiana kupalilia maharage, shamba langu linarukwa. Kwenye sherehe naletewa chakula changu pembeni, kimefunikwa vizuri, chakula cha mgeni. Na watoto wa kuzaa, mwanangu, Mungu hakunipa. Hapo ndipo maneno yalipopata miguu. Wakasema hasira ya mzee imelifunga tumbo la yule Mhehe. Walisema kwa kunionea huruma, na huruma yao iliniuma kuliko kusemwa.

Nilimwomba Ambakisye tuchinje, tupike, twende tukaombe radhi kama desturi inavyotaka. "Mzee mwenyewe atuite kwanza," akasema. Nikasubiri kuitwa. Nilikaa nikisikiliza njiani kama kuna mjumbe anakuja. Hakuja mtu. Nikamchukia yule mzee, sikufichi. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake kwa mbali bondeni, nasema moyoni, kohoa tu, umenifukia nikiwa hai.

Alifariki wakati wa baridi kali. Msiba wa Wanyakyusa unaujua, watu ni wengi, ng'ombe wanachinjwa, wanawake wanalia mpaka sauti zinakauka. Wake wa wana walikaa pamoja karibu na mlango. Mimi nilikaa karibu na kuni, kwa sababu hakuna aliyenisogezea mkeka. Tulipomaliza kuzika, wazee wakawa wanasema habari za marehemu. Akasimama mzee Lazaro, rafiki yake tangu ujana, mtu wa maneno machache. Akanitazama kule kwenye kuni.

"Mbona mke wa Ambakisye kakaa peke yake?"

Mwanamke mmoja akasema chinichini, "Tata, si unajua mwenyewe. Mzee alihama njia."

"Alihama njia kwa sababu gani?"

Watu wakatazamana. Mzee Lazaro akashangaa. Akawaangalia watu wote, akamwangalia na Ambakisye, akaegemea fimbo yake.

"Siku ile nilikuwa nyuma yake. Mzee alikohoa, mwanamke hakutoka. Akakohoa tena. Tukashangaa. Akainama, akaziona buti za mwanawe chini ya gari. Akaniambia, tugeuke, huyu binti amemshikia mwanangu uhai. Akasema pia, tusipite tena hapa. Siku nyingine akiwa kwenye kazi hiyo atalazimika tena kuchagua kati yangu na mume wake, si haki. Nikamwambia bondeni mguu wako utakusumbua. Akasema, utazoea." Akaendelea. "Kila nilipomtembelea aliniambia kijana bado hajaja kusema. Alitaka amsikie kwa kinywa chake, halafu aandae chakula amshukuru mkwe wake mbele ya watu. Alisema baba hamfungulii mwanawe mdomo. Mimi nilidhani binti anajua. Nilidhani alielewa mwenyewe mzee alipogeuka."

Watu wote waligeuka kumtazama Ambakisye. Alikuwa anatazama chini. Halafu akalia kama mtoto, na nina hakika hakuwa anamlilia marehemu peke yake.

Utadhani nilifurahi. Wanawake walinyanyuka wote, wakanijia, wakanishika mikono, wakasema "ndaga, ndaga fijo", asante, asante sana. Wakanisogezea mkeka. Mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Miaka yote ile nilikuwa nashukuriwa na sikujua. Mtu niliyemchukia alikuwa anaburuta mguu wake kwenye utelezi kila Jumapili kwa ajili yangu, na mimi namlaani. Na mtu ambaye neno lake moja lingemaliza yote alikuwa anakula mezani kwangu.

Jioni walipotawanyika nilikwenda kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikasimama bila kujifunika, nikasema kwa sauti kamili, "Mugonile, tata." Shikamoo, baba. Ilikuwa mara ya kwanza kumsalimu. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua, maana pale kilimani nilikuwa sijawahi kuitoa namna ile. Nikangoja, kama mjinga. Hata kikohozi hakikuja.

Ambakisye nilimsamehe, lakini si kwa mara moja. Nilimsamehe leo, kesho naamka namchukia, namsamehe tena. Tulihamia hapa Uyole, tukafungua gereji, tukazeeka. Naye ametangulia. Kabla ya kufa aliniambia tena samahani, nikamwambia kunywa uji wako. Sasa hivi ninapoamka usiku nanyoosha mkono upande wake, na kitanda ni baridi. Ndivyo ilivyo. Hata mtu aliyekukosea, nyumba ikibaki bila yeye ni kubwa mno.

Sasa nisikilize, maana gari lako haliningoji mimi.

Usilale chini ya kitu kilichoshikwa na mafuta peke yake. Mafuta yanarudi, sili, zile pete za mpira ndani yake, zinachoka, mpira unapasuka bila kukuaga. Nyanyua, weka gogo gumu au stendi ya chuma, shusha mzigo ukae hapo, ndipo mtu aingie. Huna gogo? Basi huna kazi siku hiyo, viazi vioze. Kagua pampu yako kabla ya mzigo kupanda. Ukiona inalia mafuta, iweke kando, hata kama msimamizi anapiga kelele. Chini ya silinda weka mbao pana, hasa masika, udongo wa huku unameza chuma. Usimame pembeni, usiwe mbele ya mpira. Koki ilegeze kidogo kidogo, usiifungue kwa pupa.

Ukiwa wewe ndiye umeshika pampu na mtu yuko chini, basi hujasikia salamu, hujasikia jina lako, hujasikia simu. Simu ndiyo naiogopa zaidi kwenu nyinyi. Mimi nilijaribiwa na baba mkwe, wewe utajaribiwa na kitu kinachotetemeka mfukoni. Kizime kabla. Na atakayekuona huna adabu, mwache akuone hivyo. Utamwamkia baadaye ukiwa na mikono miwili.

Na siku wewe ndiye uliyelala chini, na kuna mtu amekushikia uhai wako, toka hapo uende ukaseme. Sema mbele ya watu, siku hiyo hiyo, hata kama utaonekana mpumbavu. Aibu ya Ambakisye ingechukua jioni moja. Mimi ilinichukua ujana.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono imara na wenzako wasiokuacha. Kila utakachonyanyua kitulie mahali pake, na kila atakayeingia chini atoke mzima akidai chakula. Upate mtu wa kukuambia asante ukiwa bado unasikia. Urudi nyumbani na vidole vyako vyote, na ukirudi, usipige hodi ukangoja, fungua tu mlango uingie.